Fremu Zilizong'aa

Jumatano nilimpelekea baba chakula kwenye nyumba moja hapa Iringa, alikoitwa kupaka vanishi fremu za milango. Alikuwa akikwangua kidogo ili ajue bei, patasi ikazama hadi mpini. Ndani mchwa walikuwa wamekula mbao.

"Kubadilisha mbao, shilingi laki moja. Kupaka juu, elfu thelathini," baba alisema.

"Paka juu," alisema mwenye nyumba. "Mnunuzi anakuja Jumamosi. Na mdomo wako upake pia, fundi."

Jumamosi, nikiwa nimempelekea baba chakula tena, mnunuzi akaja, kumbe ni mwalimu aliyenifundisha kabla sijaacha shule. Alipapasa fremu akitabasamu. "Fundi, kazi safi hii!"

Baba alivua kofia. "Asante, Mwalimu."

Mimi nilitazama sakafu.

Ndugu msomaji, fremu ikikupendeza, ibonyeze kwa kidole. Usingoje fundi akuambie, wala binti yake.