Kanga Chini ya Boti

Mume wangu alikuwa fundi wa matrekta Nachingwea. Mwaka mmoja mfanyabiashara akamletea boti kuukuu kutoka Lindi, juu ya lori. Mguu wa nyuma wa boti hiyo, wenye pangaboi la kuisukuma majini, ulikataa kunyanyuka. Ukibonyeza swichi, pampu ya kuunyanyua inanguruma tu.

Boti ikawekwa uani, nami nikapata mke mwenza. Asubuhi mume wangu aliikimbilia hata kabla hatujasalimiana. Akaiongezea mafuta ya haidroliki, akatoa hewa kwenye mipira ya kupitishia mafuta, huku akiibembeleza kwa sauti niliyoisikia mara ya mwisho wakati wa uchumba.

Nikanunua kanga nyeupe iliyoandikwa “Umekuja utaondoka, mwenyewe nipo”. Nikapita nayo mbele ya boti, nikarudi, kama tunavyowasema wake wenza.

Yeye aliona weupe tu. “Hebu nipe hiyo, mke wangu,” akasema, akaitandika chini ya ule mguu. Jioni doa la mafuta likamwonyesha silinda inayovuja. Akabadilisha sili yake ya kuzuia mafuta, mguu ukapanda, boti ikaenda zake.

Nimefua weee, doa halitoki. Hata leo nikijifunga kanga ile mume wangu hutabasamu, na najua hanitazami mimi.