Bruda Sindano Hakuondoka

Watawa wenzake walimwita Bruda Sindano kwa sababu ndiye aliyewashonea kanzu zote, na kwa sababu ya sauti yake nyembamba iliyopenya hadi mlango wa mwisho wa kanisa. Alijiunga nao akiwa kijana wa miaka ishirini. Mama yake, mjane, alimsindikiza hadi getini, akamwachia na cherehani yake mwenyewe.

Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyeongoza nyimbo za Kilatini katika sala ya usiku wa Krismasi. Watawa walikuwa wamebaki tisa. Wawili masikio yalikuwa mazito, mmoja alisinzia hata akiwa amesimama, na waliosalia walimfuata Sindano neno kwa neno, maana Kilatini chenyewe walikijua mdomoni tu.

Mchana wa mkesha, dada yake mkubwa alimkuta katika chumba cha kushonea, amepiga magoti akipima pindo la kanzu ya Abati, mkuu wa nyumba, aliyesimama juu ya stuli.

"Mama hana hali," dada alisema bila kukaa. "Tangu juzi hali wala hanywi. Anakuulizia. Lori linarudi kule saa kumi, dereva amekubali kukuchukua."

Sindano akatoa pini mdomoni, mojamoja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Nenda, Bruda," Abati alisema. "Kanzu itangoja."

"Na usiku nani ataongoza, Baba?"

"Tutaimba tutakavyoweza."

"Mtaharibu. Mwaka ule nilipougua mliishia katikati, mkaanza kucheka."

Ilikuwa kweli, na Abati akashuka kwenye stuli.

"Mama anakufa, wewe unazungumzia nyimbo?" dada aliuliza.

"Nitakuja alfajiri, dada. Mama ni mgumu, unamjua. Mara ngapi tumeshamlilia, akaamka akadai chai?"

Dada akaondoka na lori peke yake.

Usiku ule Sindano aliimba kuliko miaka yote. Wenzake walimfuata bila kujikwaa, na hata yule wa kusinzia alikuwa macho kabisa. Hilo ndilo lililomtesa baadaye: kwamba kwa saa mbili nzima hakumkumbuka mama hata mara moja, na alikuwa na furaha.

Alifika saa tatu asubuhi. Majirani walikuwa wamekaa nje kimya, akajua. Dada alikuwa ndani, anaondoa shuka kitandani.

"Saa ngapi?" Sindano aliuliza.

"Kabla hakujapambazuka. Alikuuliza mara mbili, nikamwambia uko njiani. Baadaye akakata kauli, ikawa macho tu mlangoni."

"Nisamehe, dada."

"Mimi umenikosea nini? Shika ncha hiyo."

Wakaikunja shuka pamoja, mara mbili, kisha mara ya tatu.

Dada hakukanyaga tena nyumba ya watawa. Krismasi iliyofuata, Sindano alimwomba Abati ampe bruda mpishi nafasi ya kuongoza. Mpishi alipotea mara nne. Mara moja wote walinyamaza kabisa, mtu akakohoa, halafu mzee mmoja akaokota mstari mahali pasipo pake, wakaendelea hadi mwisho. Hakuna aliyelalamika. Sindano alikuwa amesimama nyuma, mdomo ameufumba, na kila walipokosea wakaendelea, alitamani washindwe.