Blanketi Lisilotosha Kitanda

Vuta kiti unisikilize, wewe unayenisoma kila juma, maana leo moyo wangu ni mzito. Mwenzetu wa mtaa wa Ipuli, mama niliyeshona naye viraka kila Jumamosi kwenye baraza la duka la vitambaa hapa Gongoni, ametutoka. Alianguka uani akianua nguo, na hakufika hospitali akiwa hai. Bado najikuta nikimwachia nafasi kwenye mkeka.

Nieleze kazi yenyewe, kwa usiyeijua. Mwenye duka hutugawia mabaki ya khanga na vitenge. Unachora pembetatu kwenye karatasi, unaiweka juu ya kitambaa, unakata, kisha unaunganisha vipande hadi upate blanketi. Ila kitambaa lazima ukikate kikubwa kuliko mchoro, upana wa kidole kila upande, kwa sababu mshono hula. Mwenzetu, aliyeanza kujifunza akiwa na mvi, alikata palepale penye mstari. Alituambia anashona la kitanda chake. Siku aliyolitandaza, pembe hazikukutana, na lenyewe lilikuwa dogo kama taulo.

“Ulifuata mstari, mama?” fundi anayetufundisha akamwuliza.

“Kama treni ya Kigoma. Sikutoka hata kidogo.”

“Na mshono utakula wapi?”

“Kumbe nao unakula. Mgeni gani huyu hapigi hodi?”

“Shoga, funika goti moja, la pili lisubiri zamu,” mwingine akamchokoza.

Alicheka hadi miwani ikamwanguka, nasi tukacheka naye. Kisha akalikunja taratibu, akasema, “Yupo litakayemfaa.” Kicheko kikakatika. Sote tulijua binti yake ni mjamzito, na kwamba mimba zake za mwanzo zilitoka. Na kwetu mtoto hashonewi kitu kabla hajazaliwa. Ni kama kuuita msiba. Naamini alikosea kweli, lakini kosa lile lilimpa ruhusa ya kushona alichokitamani bila kukitaja.

Nimemfikiria sana. Mji wetu ulipokea vitambaa vichwani mwa wapagazi wa misafara ya zamani, ukapokea na lugha, na mapishi, na dini, na yote hayo watu walijifunza kwa kukosea mbele ya wageni. Siku hizi mtu mzima akinunua simu mpya huificha hadi mjukuu aje amfundishe chumbani. Tumeifanya aibu kuwa sehemu ya utu uzima. Yeye hakuwa nayo, na baraza zima lilijifunza haraka zaidi kwa sababu yake.

Mjukuu amezaliwa, mzima, siku chache baada ya mazishi. Jumamosi iliyopita binti alituletea lile blanketi. Ulikuwa umebaki upindo wa upande mmoja, haujashonwa. Fundi, kwa mazoea, akachukua wembe afumue zile pembe zisizokutana. Binti akamshika mkono.

“Hapo naomba msifumue, mama. Alinionyesha hapo, akaniambia eti ni la kufunikia redio, akacheka mpaka akakaa chini.”

Fundi akauweka wembe. Tukashona upindo tu.

Nyumbani kwako yupo mtu anayejifunza jambo na kuona aibu. Leo jioni kaa karibu naye. Akikosea, ngoja acheke yeye kwanza, ucheke naye, kisha mwonyeshe tena.