Wembe wa Jamaldin Warudi Shavuni

Mtaa wa Bondeni una watu wenye majivuno ya kila namna. Yuko anayejivunia ukoo, yuko anayejivunia sauti yake ya kuadhini, na yuko asiye na lolote ila hukaa barazani akawasema wenye navyo. Faraj bin Jamaldin alikuwa kinyozi, na kwa muda mrefu hakuwa na lake. Alinyoa vizuri, hilo hakuna aliyelipinga, lakini alinyoa kwa wembe wa kuazima, na kila aliyekalia kiti chake alimwambia neno lile lile: babako alikuwa na mkono mwepesi. Watu humsifu marehemu bila kujua kuwa wanamchoma aliye hai.

Jamaldin alifariki vita vikiwa vimepamba moto. Wakati huo Faraj alikuwa akibeba mizigo bandarini Kilindini, hana habari na povu la sabuni. Mamake, Bi Mwanaesha, aliuchukua wembe wa mumewe akautia katika kijamanda, kikapu chake kidogo cha tambuu. Mwanzo alitaka uwe karibu naye, basi. Kisha mkasi wa kukatia popoo, zile kokwa ngumu za tambuu, ukapotea, mkono ukaujia wembe, na tangu hapo popoo zikawa zakatwa kwa wembe uliowanyoa wakubwa wa mji. Aliyewahi kutafuna popoo ajua ugumu wake. Hata Faraj aliporudi kwenye kazi ya babake hakumwambia mamake neno, maana alimwona jinsi anavyoushika.

Siku moja Bwana Taib mwenyewe, mzee wa nyumba kubwa ya mtaa wa pili, alikuja akasimama mbele ya kiti cha Faraj. Kwa desturi ya mji, bwana harusi hunyolewa juu ya mkeka mpya, mama na mashangazi wamemzunguka, na kila nyumba ina kinyozi wake. Haki hiyo hurithiwa, na ikitoka hairudi.

"Faraj, mjukuu wangu yuwaoa mwezi ukiandama," Bwana Taib alisema. "Mimi nalinyolewa na babako, na mwanangu alinyolewa na babako, kwa wembe mmoja. Ukiwa nao, kazi ni yako. Kama huna, sema sasa nimwite kinyozi wa mtaa wa Kuze, nisije nikaaibika mbele za watu."

"N'nao, Bwana Taib," Faraj alijibu kabla hajafikiri. Mdomo huponza kichwa.

Alikwenda nyumbani akaomba kijamanda. Wembe ulitoka na kutu mgongoni, chokaa ya tambuu imeganda kwenye kiungo, mpini wa pembe umepasuka, na katikati ya makali pana pengo ukubwa wa punje ya mchele. Bi Mwanaesha aliutazama kana kwamba hakuwahi kuuona.

"Ni mimi nilouvunda, mwanangu. Nalidhani kazi imekufa na mwenyewe."

Faraj alipandwa na hasira, na hapo hapo akaionea haya hasira yake. Aliubusu mkono wa mamake. "Hukuuvunda, mama. Umeniwekea."

Kusema ni rahisi. Alimwendea Fakhruddin, mwenye duka la vyuma, akitumaini kupata hata wembe wa kufanana nao. Fakhruddin alitikisa kichwa. "Nyembe hakuna, Bwana Faraj. Meli zaleta bunduki siku hizi. Lete huo niutie kwenye jiwe la gurudumu, pengo litakwisha sasa hivi."

Gurudumu lilikuwa pale pale, na Faraj alilitamani. Lakini gurudumu hupasha chuma moto, na chuma cha wembe kikipata moto hulegea. Utanoa leo, kesho butu. Alimshukuru, akaomba kipande cha waya wa shaba cha kufungia mpini, akatoka.

Kutu aliitoa kwa jivu na mafuta ya nazi, akisugua kwa kumbi la nazi mpaka vidole vikachubuka. Pengo ndilo lililomwonyesha kazi. Alianza kwa pupa, akausaga pale penye pengo tu, na makali yakaingia bonde. Ilimbidi aanze upya: kuulaza wembe wote juu ya kinoo cha babake, mgongo na makali vikigusa pamoja, maji kidogo, kwenda na kurudi, mpaka chuma chote kishuke kwenye kina cha lile pengo. Kila alasiri baada ya sala alikaa uani na kinoo. Majirani walisikia ule mkwaruzo wakauliza kama yuachonga jahazi. Hakuwajibu, na kwa mtu wa Bondeni kunyamaza namna hiyo ni kazi nzito kuliko kunoa.

Alipoupiga kwenye mkanda wa ngozi wa kulainisha makali, ukakata malaika, vinywele vya mkono, alijua bado. Mkono si shavu, na hapakuwa na mtu wa kumwazima shavu lake. Akampa mamake kioo akishike.

"Kinyozi hajinyoi, waambiwa," Bi Mwanaesha alisema.

"Usitikise kioo, mama."

Wembe ukamkata chini ya sikio. Aliifuta damu, akarudi kwenye kinoo. Mara ya pili wembe ulipita kimya, shavu zima, na hakusikia ila baridi ya chuma. Bi Mwanaesha alimpitishia kiganja usoni. "Ndiwo huu," alisema, na machozi yakamtoka.

Siku ya harusi Faraj alikwenda na mamake, na Bwana Taib aliutaka wembe kwanza. Aliugeuza huku na huku.

"Huu si wembe wa Jamaldin. Ule ulikuwa mpana."

"Ndiwo, Bwana Taib. Umekonda kwa kinoo. Chuma ni kile kile."

Mzee alimrudishia. Faraj alimpaka bwana harusi povu, akavuta ngozi kwa kidole gumba, akaanza. Alinyoa bila haraka, na macho yote ya mkekani yalimfuata akisubiri tone la damu. Halikutoka. Alipomaliza, Bwana Taib aliinama, akaupitisha mgongo wa mkono wake kwenye shingo ya mjukuu, kutoka chini kwenda juu, polepole.

"Jamaldin, Mungu amrehemu, alikuwa akiniwatia nywele zisizonyolewa hapa chini ya kidevu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Miaka yote n'kimstahi. Huyu hakuwata kitu. Kinyozi wa nyumba hii ni Faraj."

Vigelegele vikapaa. Faraj alitaka kumtetea babake, lakini kwa kweli hakutaka sana. Kwa mara ya kwanza alisifiwa yeye.

Kwao hakukuwa mbali, ni kukata kichochoro kimoja tu. Walipotoka, Bi Mwanaesha akageukia upande mwingine.

"Mama, ndia ni hii."

"Naijua ndia ya kwangu," alisema, akilikaza buibui lake. "Twende tupite sokoni Marikiti kwanza, watu wangaliko. Na huo mkanda wa wembe uutie begani wauone, usiufite."