Kuzima Injini Mteremkoni

Baba yangu anaamini kwamba mteremko wa kutoka Lushoto hadi Mombo uliumbwa ili watu wa huku juu tusisumbuke na mafuta. Anayeshuka na injini inayounguruma, anasema, ni sawa na anayewasha taa mchana. Si yeye peke yake. Wazee wengi wa kwetu wenye magari wamekua hivyo: ukifika kichwani mwa mteremko unatia nyutro, unazima, na gari linashuka lenyewe kama mbuzi anayerudi zizini. Abiria mnabaki kusikiliza upepo na matumbo yenu.

Kwa pikapu yetu ya zamani halikuwa tatizo. Usukani ulikuwa mgumu injini ikiwaka, na mgumu vilevile ikizimwa. Breki ilikuwa mguu wa baba pamoja na dua za mama. Kuwaka bila kusukumwa haikujua, kwa hiyo baba aliiegesha kila mahali pua ikitazama bonde, na jiwe chini ya gurudumu: msikitini, sokoni, hata msibani. Kuna msiba mmoja wafiwa walilazimika kuhamisha viti. Mimi niliipenda kwa sababu ilipiga kelele kiasi kwamba hakuna aliyetegemea niongee.

Kuongea si fani yangu. Niko kidato cha tatu, na jina langu likisomwa darasani naitika kwa kunyoosha mkono.

Sasa pikapu imestaafu, inalaza kuku. Baba ameleta gari dogo lililotumika Japani, la kuwasha kwa kitufe. Ndani ya skrini yake mna mwanamke anayesema Kijapani kila likiwashwa. Bibi, mama yake baba, alipolipanda mara ya kwanza alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyu binti kakuta watu wazima, hata shikamoo hana."

Likizo hii tulikuwa tunampeleka bibi Mazinde kwa mdogo wake. Mimi nilikaa mbele kwa sababu natapika, bibi nyuma na kapu la mapeasi. Tulipoipita Soni nikaona kidole cha baba kinakwenda kwenye kitufe, gia ameiacha ilipo.

Nilijua kitakachotokea. Nimetazama video nyingi za magari kwenye simu ya mama. Haya ya kisasa usukani unasaidiwa na umeme, breki inasaidiwa na injini. Ukizima, wasaidizi wote wanaondoka. Lakini kumkosoa baba, tena mbele ya mama yake mzazi, mimi?

"Baba, usizime," nilisema, kwa ile sauti yangu ambayo hata nzi hageuki.

Akabonyeza. Gari halikuzima. "Bishi hili," akamwambia bibi, karibu kwa fahari, akakibana kidole palepale mpaka likazima.

Kwanza palikuwa na kimya kizuri. "Unasikia, mama?" baba akasema. "Mafuta ya Mungu haya."

Halafu dashibodi ikawaka taa nyekundu na njano kama ukumbi wa harusi. Kona ikaja. Baba akakata usukani, usukani ukagoma. Akaukumbatia kama mtu anayemwangusha ng'ombe kwa pembe, tukapita tairi zikitafuna majani ya ukingoni. Upande wangu ndio uliokuwa wa bonde. Niliona paa la nyumba ya mtu, kwa juu.

Akakanyaga breki, ikashika kidogo. Akakanyaga tena na tena, ikawa ngumu kama jiwe. Mkono wake wa kushoto ukaenda kutafuta hendbreki pale ilipokuwa kwenye pikapu, ukakuta goti langu, ukalivuta kwa nguvu zote.

"Washa gari, baba! Washa!"

Nyuma bibi akauliza, "Nani huyo?"

Nikabonyeza kitufe mwenyewe. Kimya. Nikabonyeza tena.

"Gia iko ndani, mtoto wewe," baba akasema huku anapigana na usukani. "Litawakaje na gia iko ndani?" Akaipiga gia kofi ikaingia nyutro. Nikabonyeza, likawaka. Usukani ukalainika ghafla, tukaenda kuusalimia mlima wa upande wa pili, tukarudi, na mwishowe akalisimamisha penye upana.

Bibi akaanza kuokota mapeasi miguuni pake. "Mwanangu," akasema, "nilikuzaa mara moja. Sina nguvu za kukuzaa tena. Na mtoto alikuambia usizime, nilimsikia."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

"Nilidhani ni yule binti wa kwenye redio."

Baba akashuka, akalizunguka gari, akapiga tairi teke. "Pikapu isingenifanyia hivi," akasema. Hatukumbishia. Pikapu saa hizo ingekuwa bado inasukumwa Lushoto.

Akarudi kwenye kiti, akafunga mlango. Barabara iliyobaki ilikuwa yote kona, na breki zilinuka. Akasema, akitazama mbele, "Sasa huku chini nashukaje?"

"Weka L."

"Sema kwa sauti."

"Weka L, baba, ile gia ndogo. Injini yenyewe italizuia."

Akaweka. Injini ikaunguruma mpaka Mombo, naye akasonya kila kona kwa uchungu wa mafuta, lakini kitufe hakukigusa.