Kidonda Kinachotaka Chakula

Tangu vita viwakimbize walimu wetu, nafua bandeji katika kituo cha afya hapa Songo. Juzi alikuja mama aliyekimbia Luberizi, mguu una kidonda kisichopona. Alikuwa amefunga kula siku nne, akiomba Mungu akiponye.

Muuguzi alimshika mkono uliokonda. "Mama, mafuta ya mwili yanatoa homoni inayoamsha chembe za damu zinazopigana na vidudu. Mafuta yakiisha, chembe zinakosa nguvu. Omba, lakini ukule."

"Kufunga peke yangu nimezoea," mama alisema polepole. "Kula peke yangu ndiyo inanishinda."

Karatasi yake iliandikwa ale mara tatu kwa siku. Haikuandikwa ale na nani. Nami kwetu nimebaki mwenyewe, basi nikamfuata, nikanawa mikono mbele ya ugali wake.