Kamera Inayoona Karibu

Fundi alichoka kabla hajavaa hata viatu. Haukuwa uchovu wa siku moja, ule unaoisha kwa chai na usingizi. Huu ulikuwa umeingia mwilini polepole kama unyevu ukutani, na watu wa nyumbani walikuwa wameuzoea hata hawauoni tena. Mtaani aliitwa hivyo tu, Fundi, na wengi hata hawakujua kwamba ana jina jingine. Alidarizi vitambaa vya meza, foronya na mashuka, maua na majani, kwa sindano na mkono, na watu walisema kazi yake haina mfano. Watu husema mengi. Yeye mwenyewe, kwa miezi ya karibuni, hakuwa na hakika.

Siku hiyo alikuwa anakwenda kununua kamera. Aliyemsukuma ni binti yake, aliyefanya kazi katika mji mwingine na aliyekuwa amemfungulia mama yake ukurasa wa kuuzia vitambaa mtandaoni.

"Mama, picha zako zinanitia aibu," binti alikuwa amemwambia kwenye simu. "Jana mteja kaniuliza kama tunauza taulo."

"Taulo gani tena?"

"Ndiyo nakuuliza mimi. Kitambaa kizima ni ukungu mtupu. Hiyo simu yako imechoka, mama. Nunua kamera ya kweli, inayoona karibu. Mtu wa mtandaoni hawezi kushika kitambaa mkononi. Anataka auone uzi."

Auone uzi! Fundi alicheka, maana uzi wenyewe alikuwa hauoni. Siku moja alijiiba akaenda hospitali ya macho, na daktari akamweleza kwa upole kwamba ile sehemu ya ndani ya jicho, inayoonea vitu vidogo, imechakaa. Hatakuwa kipofu wa kuongozwa njiani, si leo. Lakini vitu vidogo vitazidi kumpotea, na hakuna miwani itakayovirudisha. Fundi akashukuru, akarudi nyumbani, akavuta kiti chake na kuendelea kushona kwa mazoea ya vidole. Hakumwambia mtu.

Usimwone mjinga. Nyumba aliyokuwa akiishi ilikuwa ya wakwe zake. Mumewe alipofariki, baadhi ya ndugu walianza kumtazama kwa macho ya kuuliza huyu naye anangoja nini, na jibu lake lilikuwa sindano. Sindano ilinunua unga na sabuni, sindano iliezeka upya chumba cha nyuma. Hakuna aliyethubutu kumwonyesha mlango mtu anayelisha nyumba. Lakini fundi asiyeona sindano ni nani? Ni mgeni aliyekaa mno. Jambo hilo alikuwa ameliwaza, akaliwazua, mpaka likamchosha kuliko kazi yenyewe.

Aliyebaki naye katika nyumba hiyo ni wifi yake, dada wa marehemu. Huyu aliolewa mara mbili akarudi mara mbili, na kila aliporudi alikuwa na sufuria nyingi kuliko alizoondoka nazo. Waliitana wifi, huyu wifi na yule wifi, hata majirani wakawa hawajui anayeitwa ni yupi. Waligombana kila siku, kwa mambo madogo madogo, bila chuki. Likiisha moja walianza jingine.

Sasa, wifi hakuwa bahili. Mkono wake ulikuwa wazi, na pesa ikiingia mchana jioni haipo. Ila kwa kamera hii alikuwa mkono wa birika kabisa, na Fundi alishindwa kuelewa. Tangu binti alipotamka neno kamera, wifi aliipinga. Kwanza alisema vyombo vya umeme huharibika. Halafu akasema mtandaoni wamejaa matapeli. Mwisho, alipoona Fundi anavaa viatu, akatangaza kwamba naye anakwenda.

"Nani kakualika?" Fundi akauliza.

"Unataka wakuuzie redio wakuambie ni kamera? Twende zetu." Kisha akanyoosha mkono kwenye mfuko aliokuwa ameushika Fundi. "Lete hicho kitambaa nikipige pasi kwanza."

Kilikuwa kitambaa cha meza, cheupe, kilichozungushiwa majani ya kijani. Fundi alikuwa amekimaliza jana jioni na alitaka wakijaribie kamera.

"Pasi nimeshapiga mimi."

"Umeacha mikunjo. Nipe dakika chache tu, wifi."

"Tumechelewa," Fundi akasema, akatoka.

Duka lilikuwa ghorofani, na ngazi zilikuwa za kumtoa mtu roho. Walipofika juu hakuna aliyeweza kusalimia. Muuzaji, mwanamume wa makamo mwenye miguu iliyomvimba, alikuwa amevua viatu nyuma ya meza ya kioo na hakuona haja ya kuvivaa. Aliwasogezea benchi, akangoja wapumue. Ukutani kulikuwa na fremu za picha zisizo na picha, na televisheni moja kubwa iliyozimwa.

"Karibuni, mama zangu. Kamera ya harusi?"

"Nani aolewe hapa?" wifi akasema. "Mimi nimeshamaliza zamu zangu."

"Ya vitambaa, mwanangu," Fundi akasema. "Tunauza mtandaoni. Nataka inayoona karibu."

Muuzaji akaitikia kwa kichwa, akaanza kutoa kamera moja moja kabatini. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeusi, yenye vitufe vingi, na ilipowekwa mezani ilitoa mlio wa kitu kizito. Fundi aliinyanyua, akairudisha. Mikono yake ilikuwa imechoka bila kuongezewa mzigo. Ya pili ilikuwa ndogo, ya rangi ya waridi, inayoingia mfukoni.

"Hii hapa!" wifi akaidaka. "Nzuri, nyepesi, bei ya kibinadamu. Tufungie."

"Hiyo ni ya kupigia watoto wanakata keki," muuzaji akasema. "Ukiisogeza karibu na kitu inaona giza. Mtapata picha ileile ya simu."

"Ndiyo tunayotaka. Watu wakiona sana hawanunui."

Fundi akamgeukia. "Wifi, una nini leo?"

"Sina kitu. Mimi nasema tu." Akaanza kupangusa kamera ya waridi kwa ncha ya kanga, kwa bidii, kama kwamba imeshakuwa yake.

Ya tatu ilikuwa ya kadiri, ya kijivu, yenye lenzi fupi na kioo nyuma kinachofunguka kama kidirisha. Muuzaji alisema hiyo ndiyo wanayochukua wauza hereni na wauza saa. Aliwaonya wasitumie flashi, maana humwaga mwanga wote juu ya kitambaa na kuulaza uzi. Waweke kitambaa karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu. Wala wasipigie chini ya taa ya njano, kwa sababu cheupe kitatoka rangi ya siagi na mteja atakirudisha akiwatukana. Akawashauri wachukue na stendi ya miguu mitatu, kwa wasiotulia mikono. Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu aliyeyasema mara nyingi na bado akaona watu wananunua ya waridi.

"Tuijaribu," Fundi akasema, akatoa kitambaa.

"Haina haja," wifi akasema. "Tumekuamini, mwanangu. Jaribu kwa gazeti."

Lakini kitambaa kilikuwa kimeshatandazwa dirishani. Muuzaji akainama juu ya kona moja, akabonyeza, akasogea, akabonyeza tena. Kisha akachomeka waya kwenye televisheni ya ukutani, ili, alisema, mama aone mambo.

Televisheni ikawaka, na wifi akasimama mbele yake. Alisimama mwili mzima, na mwili wake haukuwa mdogo.

"Wifi, toka."

"Miguu imekufa ganzi. Nanyoosha."

"Kanyooshee kule. Toka!"

Wifi akatoka, kwa shingo upande, akaenda kukaa mwisho wa benchi na kutazama sakafu.

Fundi aliangalia. Mwanzoni alifurahi tu, furaha ya kitoto, kwa sababu aliona. Uzi mmoja mmoja, mnene kama kamba, na matundu ya kitambaa, na kivuli kidogo chini ya kila mshono. Ilikuwa muda mrefu hajaiona kazi yake. Halafu macho yakamtoka.

Majani matatu ya juu yalikuwa yamenyooka, yamejaa, hayana dosari. Hayakuwa yake. Yeye, kwa mkono wake wa kulia, mishono yake hulala kuelekea upande mmoja, na hii ililala upande wa pili. Mtu wa mkono wa kushoto ndiye hushona hivyo. Na mashoto katika nyumba yao alikuwa mmoja, yule aliyewahi kufundishwa kudarizi na Fundi mwenyewe, zamani, akatupa sindano kwa kelele na kuapa kwamba kazi hiyo ni ya watu waliokosa la kufanya.

Jani la nne lilikuwa lake. Alilijua mara moja, na laiti asingelijua. Lilikuwa limetoka nje ya mstari, limeacha kikonyo chake, mishono mingine mirefu, mingine imekosa kabisa mahali pa kushika. Mtoto anayejifunza angeambiwa alifumue.

"Kazi safi," muuzaji akasema, akionyesha majani ya juu. "Hapa chini tu pamepindapinda. Mlikuwa wawili?"

Akawatazama nyuso zao, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mtu wa busara. Alikumbuka ghafla kwamba ana betri za kupanga chumba cha nyuma.

Fundi akaketi. Aliona aibu, aibu ya moto inayopanda hadi masikioni, na chini ya aibu ile kulikuwa na hofu iliyomkaa kifuani tangu hospitali. Mambo yamekwisha, aliwaza. Imejulikana.

"Tangu lini?" akauliza.

Wifi alikuwa bado anatazama sakafu. "Tangu zile foronya za maua ya bluu. Waridi moja jicho lake la katikati lilikuwa limekaa pembeni."

"Foronya za bluu! Zile nilisifiwa."

"Tulisifiwa," wifi akasema, kwa sauti ndogo.

"Unashona saa ngapi, wewe mtu?"

"Usiku ukilala. Ukienda sokoni. Ukioga. Unaoga muda mrefu, wifi, nashukuru sana." Akajaribu kucheka, hakikutoka kitu. "Leo nililibakiza hilo moja. Ndiyo maana nilitaka kupiga pasi."

Fundi alikumbuka jinsi alivyokuwa akimsema mwanamke huyu kwa uvivu, mchana kutwa amelala kitini na macho mekundu. Alimsema mbele ya majirani. Na yeye akapokea yote, akanyamaza, mtu asiyejua kunyamaza.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba huoni? Si unajua huoni. Ningesema tu, kesho yake ungefunga mizigo ukamfuate binti yako, ukae kwenye kochi lake kama mzigo wa posta. Nakujua. Una kiburi." Sasa wifi alikuwa analia waziwazi, bila kujificha, na kanga ya kupangusia kamera ikawa ya kupangusia uso. "Kaka yangu kaenda. Wewe nawe uende, mimi nitagombana na nani, na sufuria?"

Fundi akamsogelea kwenye benchi. Alikuwa amechoka mno. Aliyoweza kuyasema yalikuwa machache: alikwenda hospitali, daktari alisema haitapona, na aliogopa ataonekana mgeni katika nyumba ile. Alipomaliza aliona mabega yake yameshuka yenyewe, kama ya mtu aliyetua ndoo.

"Walikuambia wewe ni mgeni pale?" wifi akauliza, machozi yamemkauka kwa hasira. "Nani kasema? Nitajie."

"Hakuna aliyesema."

"Basi."

Chumba cha nyuma muuzaji alikuwa anazipanga betri kwa uangalifu wa ajabu. Mwisho Fundi akafungua pochi, akatoa mkasi mdogo, sindano na uzi wa kijani, maana hakutoka kamwe bila vitu hivyo, akaviweka mapajani mwa wifi yake.

"Jani la nne," akasema. "Fumua."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Hapa. Nataka kuona unavyoniharibia kazi."

Wifi akahamia dirishani, akakichukua kitambaa. Fundi akaichukua kamera ya kijivu, akafungua kile kidirisha cha nyuma, akaielekeza kwenye mkono ule wa kushoto. Kwenye kioo mkono ukawa mkubwa, na ncha ya sindano ikaonekana wazi, inaingia, inatoka. Fundi alisahau kubonyeza.

"Umevuta mno," akasema. "Legeza. Teremka kidogo, bado, bado. Hapo."

"Nimeona."

"Hujaona, umepita. Rudi nyuma tundu moja. Eeh. Hapo sasa."

Jani likaanza kushika mstari. Muuzaji akachungulia, akauliza kwa sauti ya chini kama wameamua ni ipi. Fundi akamwambia hii, asiitie kwenye boksi, bado inatumika.

Alitazama kwa muda. Kisha akauliza lile aliloliogopa kuliko yote, bila kuinua macho kutoka kwenye kioo.

"Na siku nisipoona hata humu?"

Wifi akakata uzi kwa meno, akalitazama jani, akalipapasa kwa kidole gumba.

"Siku hiyo nitakuwa nakusimulia," akasema. "Sogea, unaniziba mwanga."